Kalipa Mbili Kutoka Gatsata

Wiki iliyopita nilikwama nyuma ya lori bovu kwenye mteremko wa kuelekea Kicukiro, dirisha likiwa wazi, na harufu ya mafuta ya breki ikaingia garini. Mwingine angesema ni harufu ya gereji tu. Mimi naijua tangu zamani: ni tamu kidogo, halafu ina uchungu nyuma yake, kama samaki aliyekaangwa kwenye mafuta yaliyochoka. Nikafunga dirisha, nikawasha redio, nikaizima. Mwanangu aliyekaa nyuma akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni moshi wa lori, na lori lenyewe lilikuwa limezimwa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Masaka, pembeni mwa Kigali, ilipokuwa bado mashamba ya maharage na nyumba moja moja, mnalikumbuka gari la baba yangu, lile jipu, maana wengi wenu mlilisukuma. Lilikuja nasi kutoka Karagwe familia yetu iliporudi Rwanda, mimi nikiwa bado mgongoni. Usukani wake ulikuwa kulia, kama magari yote ya Tanzania. Magari ya Kigali usukani uko kushoto, kwa hiyo mlisema baba yangu anaendesha akiwa amekaa kwenye kiti cha abiria, mkaigiza, mkacheka hadi mkaanguka. Niliwarushia madongo kwa sababu hiyo na sijutii.

Baba alikuwa mpima ardhi, na lile jipu lilimfikisha kwenye vilima ambako hata mbuzi walifikiria mara mbili. Alilipenda kupita kiasi. Lakini magurudumu ya mbele yalikuwa yanavuja. Kila asubuhi ulikuta unyevu mweusi kwa ndani, pale kwenye kile chuma kinachobana diski ili gurudumu lisimame, ambacho mafundi wanakiita kalipa. Mipira ya ndani ilikuwa imekwisha, na mafuta ya breki yalitoka polepole kama jasho. Baba alifungua boneti, akaongeza mafuta kwenye kichupa chake, akasema atashughulikia wiki ijayo. Mama alimjibu kila mara kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Alilisema hilo mara nyingi mno hata Baba akawa analimalizia yeye mwenyewe, huku anafunga boneti.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa amebaki Karagwe. Wenzake waliporudi Rwanda yeye alisema amehama mara moja maishani mwake na miguu yake imekataa mara ya pili. Alikaa na Mama Mdogo katika nyumba iliyo chini ya mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha mteremko ule ulikuwa sabuni tupu. Mimi nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe, na aliponisuka nywele aliniimbia karibu na sikio hadi nikasinzia mapajani mwake.

Sasa niwaambie jambo nililokuwa nalijua kwa uhakika wa mtoto, yaani bila shaka hata chembe. Nilijua Baba anamchukia Bibi. Tulipokwenda kumtembelea, Baba hakuingia ndani hata siku moja. Alibaki uani na jipu lake, boneti wazi, anapangusa vitu visivyohitaji kupanguswa. Bibi akipita kwenda zizini, Baba aligeuka akaangalia migomba. Hawakupeana mikono. Chakula chake kilipelekwa nje kwenye sinia lililofunikwa. Hakuna aliyenieleza kwamba wazee wa upande ule walishika desturi, kwamba mkwe na mama mkwe hawagusani wala hawakai chumba kimoja, na kwamba kugeuza uso ndiyo heshima yenyewe. Mtoto hafundishwi anachodhaniwa anakijua. Mimi niliona mgongo wa Baba tu.

Simu ilipigwa jioni, Mama akiwa anachambua mchele. Alikuwa Mama Mdogo, na sauti yake ilitoka kwenye ile simu kubwa hata mimi niliyekuwa mlangoni nikasikia kila kitu. Bibi ameteleza zizini, paja limevunjika, hali chakula na anapumua kwa shida. Vijana wa jirani walijaribu kumbeba kwa machela, lakini maumivu yakamzidi kabla hawajaimaliza migomba, akapoteza fahamu, wakamrudisha kitandani. Pikapu ya zahanati ilifika juu ya mteremko, ikateleza, ikageuza. Pikipiki haikufaa hata kutajwa. Kilichohitajika ni gari litakaloshuka mpaka mlangoni, apakiwe akiwa amelala, lipande naye. Mama Mdogo akasema gari la namna hiyo analijua moja tu, nalo liko Kigali, kwa shemeji yake.

Mama alimtazama Baba. Baba alichukua ufunguo, akatoka, akawasha jipu, akaanza kulitoa uani. Lilipofika penye kiinamo cha geti nilisikia mguu wake ukikanyaga, ukikanyaga tena, halafu sauti ya miti ikivunjika. Jipu lilikuwa limeingia kwenye mihogo ya jirani. Kanyagio la breki lilikwenda hadi sakafuni na halikurudi. Tulilivuta kwa kamba hadi uani, na ule unyevu mweusi sasa ulikuwa mstari mrefu ardhini.

Kesho yake, Ijumaa, Baba hakwenda kazini. Mafundi wote aliowapigia simu walimwambia Jumatatu, maana Jumamosi ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, na baada ya umuganda kila mmoja ana harusi au mgeni. Kalipa mpya za jipu la umri ule hazikupatikana mjini. Akaenda Gatsata kwa wauza vipuri, akakuta jipu lililopinduka, la aina moja na letu, akalala chini yake mwenyewe akavua kalipa za mbele, zote mbili, kavu na nzima. Alirudi kwa pikipiki amekumbatia gunia. Akazitoa na kuzipanga juu ya mkeka kama mtu anayeonyesha mapacha, akamweleza Mama kwamba asichanganye, hii aliyoifunga kitambaa chekundu ameivua upande wa usukani. Alijivunia kile kitambaa. Mama alisema vizuri, tuanze.

Jumamosi asubuhi Masaka yote ilikuwa kimya, kama kawaida ya umuganda. Hakuna gari barabarani, hakuna duka lililo wazi, watu wote wako na majembe kwenye mifereji. Uani kwetu jipu lilikuwa limesimama juu ya mawe, magurudumu ya mbele yamevuliwa. Baba alifunga kalipa ya kitambaa chekundu upande wa usukani, nyingine upande wa pili, akakaza, akajaza mafuta. Ikabaki kutoa upepo.

Nieleze kidogo, maana siku ile yote ilikuwa kazi hiyo. Ukifungua breki hewa huingia kwenye mabomba, na breki yenye hewa haishiki. Mtu mmoja hukaa kwenye usukani akakanyaga, mwingine huwa chini kwenye gurudumu akafungua nati ndogo ya kalipa, hewa na mafuta vikatoka, akaifunga, kisha wa juu akaachia mguu. Hurudiwa hivyo mpaka hewa iishe na kanyagio liwe gumu. Mama ndiye aliyekaa kwenye usukani, na kanga yake ya jana bado kiunoni. Baba alikuwa chini. Wale watu wawili, ambao tangu jioni ile walikuwa hawajazungumza zaidi ya lazima, walibaki na maneno matatu tu asubuhi nzima: kanyaga, shikilia, achia.

Mapovu yalitoka, Baba akafurahi, akasema bado kidogo. Kanyagio likawa laini. Wakarudia. Mapovu yakaisha kabisa, mafuta yakatoka safi, na bado kanyagio lilikuwa laini kama kukanyaga unga uliokandwa. Baba akakagua kila mrija. Hakuna panapovuja. Akahama upande, akarudi upande wa kwanza. Kanyaga, shikilia, achia. Kila baada ya muda simu iliita, Mama akaipokea kwa mkono mmoja huku mguu uko palepale, na kila alipoikata uso wake ulikuwa umepungua kitu. Bibi sasa anaita majina ya watu waliokufa. Bibi amekataa maji.

Mkuu wa kijiji alikuja na jembe begani kuuliza kwa nini hawaonekani kwenye umuganda. Alikuwa mtu wa Kigali asilia, na Kiswahili chake alikitumia kumtania Baba, Mtanzania wake kama alivyomwita.

"Mimi naona gari iko juu ya mawe," alisema, "nikasema huyu mugabo, huyu mwanaume, leo iko umuganda na yeye anacheza na gari."

Kisha akamwona Mama. Utani ukamwishia mdomoni. Baba akamweleza kutoka chini ya gari, na yule mzee akasema, "Mukomere," jipeni moyo, akauliza kama kuna kinachopungua. Baba akasema mafuta ya breki yanakaribia kwisha. Akaondoka haraka bila kuaga.

Jua lilipokuwa utosini mkebe wa mafuta ulilia ulipotikiswa. Mguu wa Mama ulikuwa unatetemeka hata nje ya kanyagio. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na nimeshapata jibu langu. Baba anafanya makusudi. Mtu aliyejua kuvua kalipa peke yake Gatsata, mtu aliyelitengeneza jipu hili barabarani usiku na mchana miaka yote, leo ashindwe? Niliuona mgongo wake tena, akiwa amelala kwa ubavu, na ulikuwa mgongo uleule wa Karagwe. Nilikwenda dirishani kwa Mama nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, Baba hataki tufike?"

Mama alishika usukani. Alitazama mbele kwenye kioo kana kwamba barabara iko pale. Kunyamaza kwake nilikuchukua kuwa ndiyo, na hata leo sina hakika kwamba nilikosea sana, maana mtu aliyekata tamaa hutafuta wa kumlaumu karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa mmoja.

Ndipo Mama akaachia mguu bila kuambiwa. Baba akasema shikilia. Mama akasema hashikilii tena.

"Mama yangu anakufa, Baba Gasana," alisema. Gasana ni kaka yangu, aliyekuwa shule ya bweni. "Anakufa na wewe unaniambia kanyaga, shikilia. Nimekanyaga. Niambie kitu kingine."

Baba alibaki chini, na tuliona miguu yake tu, imenyooka, haisogei. Mama akafungua mlango, akashuka, akakunja kanga, akalala chini kwenye gunia ubavuni mwa Baba. Nadhani alitaka kumwona usoni ili amwambie mengine yaliyombana. Lakini alipofika kule aliitazama ile kalipa. Niliinama nikawaona wamelala pamoja, vichwa vimekaribiana, kama watu wanaotazama dari.

"Upepo huenda juu au chini?" Mama akauliza.

"Juu."

"Sasa mbona mlango wake umeufungua chini?"

Ni kweli, ile nati ndogo ilikuwa imeelekea ardhini. Hewa ilikuwa imekaa juu yake ndani ya kalipa, salama kabisa, na sisi tangu asubuhi tulikuwa tunatoa mafuta mazuri chini yake. Mama hakujua lolote la magari. Alijua chupa ya maji ukiilaza, povu hukimbilia wapi.

Baba alitoka chini ya gari taratibu. Alikwenda mbele akasimama akitazama kile kitambaa chekundu upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Jipu la Gatsata lilikuwa gari la Kigali. Usukani wake ulikuwa kushoto. Kalipa aliyoivua upande wa usukani ilikuwa ya kushoto, na mkono wake uliozaliwa na kufundishwa gari Tanzania ukaifunga kulia, kwa kuwa katika maisha yake yote usukani ulikuwa kulia. Fundi wa Kigali asingekosea hivyo, na Mtanzania aliyebaki kwao asingekosea pia. Lilikuwa kosa la watu kama sisi tu.

"Usukani wao uko kushoto," alisema. Akalisema tena, akapiga paji la uso kwenye bodi ya jipu, si kwa nguvu sana. Nilitegemea Mama atampigia kelele. Mama akamshika kola ya shati kwa nyuma, akamvuta asijipige tena, akamwambia afungue haraka.

Alizifungua, akazibadilisha upande. Mafuta yaliyobaki yalimwagika yote katika kazi hiyo, na hapo Baba alikaa chini na spana mkononi, akawa hana la kufanya. Wakati huohuo mkuu wa kijiji aliingia getini. Umuganda ulikuwa umekwisha, na alikuwa amemtuma mtu wa pikipiki mpaka Kabuga, yule akamgongea mwenye duka mlango atoke mezani, akarudi na mikebe ya mafuta ya breki ndani ya mfuko. Mkuu aliiweka chini na kukaa kwenye jiwe kusubiri nasi.

Mama akapanda. Kanyaga, shikilia, achia. Sasa mapovu yalitoka kwa kelele, makubwa, hewa ya asubuhi nzima. Wakahamia upande wa pili. Kisha Mama akakanyaga na mguu wake ukagota. Akakanyaga tena, ukagota palepale juu.

"Imeshika," alisema.

Baba alirudisha magurudumu mbio mbio, akalishusha jipu, akalipeleka njiani na kulirudisha. Lilisimama getini palepale alipotaka. Mama alikuwa ameshafunga kanga mpya na mimi nimevalishwa sweta. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa namwona Bibi amelala nyuma na mimi nimemshika mkono. Baba alikuwa anaosha mikono kwa sabuni ya unga pale bombani simu ilipoita.

Mama alisikiliza. Safari hii Mama Mdogo alisema kwa sauti ndogo, sikusikia neno. Mama hakupiga yowe. Aliitoa simu sikioni, akampa Baba kana kwamba ni kitu chake alichokuwa amemshikia. Baba aliisikiliza, povu la sabuni linamtiririka hadi kiwikoni, akasema ndiyo, akasema tunakuja. Mkuu wa kijiji alivua kofia. Mimi nikaangalia jipu, zima, limesimama vizuri, nikaanza kulia kwa hasira kabla ya huzuni.

Tulikwenda kuzika. Mama aliokota mabegi akaufungua mlango wa nyuma wa jipu, akavuta turubai alilodhani tangu asubuhi limefunika vifaa vya Baba, na hapo akasimama. Siti za nyuma zilikuwa zimeng'olewa. Palikuwa na godoro, lile la kitanda cha Gasana, limetandikwa shuka nyeupe za wageni. Mto mmoja wa kichwa, na mwingine umekunjwa pembeni kwa ajili ya kuegemeza mguu. Mablanketi. Kanga mbili zilizopindwa kuwa mikanda ya kumshikilia mtu asiteleze kwenye mteremko.

"Uliliweka lini?" Mama aliuliza.

"Juzi. Mlipolala." Baba alikuwa anajifuta mikono na hakuinua uso. "Kabla sijafungua chochote."

"Na kumtoa kitandani? Vijana walishindwa. Nani angembeba?"

"Mimi."

Mama alimtazama. Hata mkuu wa kijiji alimtazama.

"Wewe mkwe wake," Mama akasema.

"Desturi ningeiomba radhi baadaye."

Baba alinyoosha mkono aliondoe godoro tupate pa kukaa, Mama akaushika mkono huo akaurudisha. Akapanda yeye mwenyewe nyuma, akaketi kwenye kona ya lile godoro, miguu ameikunja ili asiikalie sehemu ya katikati. Mimi nilikaa mbele na Baba.

Tulitoka Masaka, tukapita Rwamagana na Kayonza, tukashika njia ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania. Magari yalitupita, mabasi yalitupigia honi. Kabla ya kila mteremko Baba alikanyaga breki mapema, polepole, akalipunguza jipu hadi likawa linatembea, akakata kona kwa uangalifu mashimo yasilirushe, kana kwamba nyuma kuna mtu amelala na paja limevunjika. Breki zilishika vizuri mno. Mama alikuwa ameuweka mkono wake katikati ya shuka, na hakumwambia aongeze mwendo.